Picha ya Ubongo na Kumbukumbu ya Nasaba



Juma hili twawaomba mketi nasi tuzungumze juu ya maradhi ambayo majumbani mwetu hayatajwi ila kwa sauti ya chini: maradhi ya kutetema, kujipinda viungo na kutikisika bila ya hiari, yanayomshika mtu mmoja katika ukoo, kisha baada ya miaka yakamshika mwingine. Tutayaangalia kutoka Kitui na Makueni, kwa sababu tutakazozieleza, na tutauliza swali moja: mashine inayopiga picha ya ubongo yaweza kutuambia nini, na ni lipi ambalo haiwezi kulijua mpaka sisi wenyewe tuliseme?

Tuanze na kijana wa mfano. Hatumpi jina kwa kuwa si mtu mmoja tunayemjua. Tumemuunda ili aibu ya mtu isiguswe, lakini kila alama tutakayoitaja ni alama ya maradhi ya kweli.

Ana miaka 17. Wazazi wake ni watu wa Mombasa waliohamia Kibwezi kwa ajili ya duka, nao ni watoto wa ndugu wawili: mama ni binti wa ami yake baba. Mwaka uliopita mwandiko wa kijana huyu, uliokuwa ukisifiwa madrasa nzima, ulianza kuharibika. Kisha ulimi ukawa mzito, mate yakamtoka bila ya mwenyewe kujua, na kila alipounyosha mkono wa kulia ukapiga juu na chini mfano wa bawa la ndege. Mwalimu akasema ni uvivu. Jirani akasema ni jicho. Nyanya yake akasema kuna kitu amekikanyaga. Akasomewa, akanyweshwa kombe, na wapo walioshauri apungwe. Miezi minane ikapita hivyo. Alipofikishwa hospitali hatimaye, hakuna aliyekumbuka kumwambia daktari kwamba dada yake mkubwa alifariki akiwa na miaka 12, macho yamegeuka manjano na tumbo limejaa maji.

Tutamrudia kijana huyu. Kwanza tueleze kwa nini tumemweka Kibwezi.

Ujirani wa Pwani na Ukambani

Baina ya pwani yetu na nchi ya Wakamba kuna njia ya zamani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyoshusha pembe za ndovu hadi Mombasa. Mwaka 1849 mmisionari Ludwig Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai, alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, na tarehe 3 Desemba akauona mlima Kenya akiwa huko. Reli ya zamani ilipopanda bara ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, na reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 nayo ina vituo Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Kila penye kituo palifunguliwa maduka. Ni wengi miongoni mwetu walio na ami, shangazi au mkwe huko.

Mto Athi ndio unaozigawa kaunti hizi mbili. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187, waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na Makueni ilikuwa na watu 987,653. Kila kaunti ina hospitali yake ya rufaa: moja iko Kitui mjini na nyingine iko Wote. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali kwa kaunti zote 47, hospitali mbili katika kila kaunti, na vifaa vya kupiga picha za mwili vilikuwa miongoni mwake. Kwa hiyo mkazi wa bara hatazami tena Nairobi kwa kila picha kama alivyotazama mzee wake. Lakini mashine kufika ni jambo moja, na mtu wa kuisoma picha ni jambo jingine. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu nchini ni wachache, na walio wengi wako Nairobi. Mashine za MRI nazo zimekusanyika katika miji mikubwa.

Kuna sababu ya pili ya kuichagua nchi hii. Mwaka 2004, sumu ya kuvu iliyoingia katika mahindi iliwapata watu 317 katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, na 125 kati yao wakafariki. Sumu ile huharibu ini. Tangu hapo, mtoto wa pande zile akigeuka manjano, wazo la kwanza ni mahindi, na mara nyingi wazo hilo ni la haki. Lakini ini laweza kuharibika kwa sababu nyingine iliyolala ndani ya ukoo, na yule binti wa miaka 12 katika mfano wetu alizikwa pamoja na sababu yake.

Mashine inaona nini

Mashine za kupiga picha ya ubongo tunazokutana nazo ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya CT. Hutumia mionzi ile ile ya eksirei, ila huizungusha kichwani na kuzikusanya picha nyingi hadi ubongo uonekane kana kwamba umekatwa vipande vyembamba kama mkate. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London tarehe 1 Oktoba 1971 kwa mashine aliyoivumbua Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyekwisha kuifanya hesabu ya jambo hilo kabla yake. Picha ya CT huchukua dakika chache tu. Ni hodari wa kuonyesha damu iliyovuja, uvimbe mkubwa na mivunjiko ya mifupa.

Ya pili ni ya MRI. Hii haina mionzi ya eksirei. Ni sumaku yenye nguvu nyingi inayoyaamsha maji yaliyomo mwilini yatoe ishara, na kompyuta ikaigeuza ishara hiyo kuwa picha. Mgonjwa hulala ndani ya mwanzi mpana kwa nusu saa au zaidi, katika mlio mkubwa, naye hatakiwi kutikisika. Kwa mtu ambaye maradhi yake ndiyo kutikisika, hilo ni mtihani, na mara nyingine hulazimu apewe dawa ya usingizi. Lakini MRI huona yale ambayo CT hayaoni, hasa katika viini vilivyo kitovuni mwa ubongo, ambavyo kazi yake ni kuusawazisha mwendo wa viungo: kuanzisha, kuzuia na kupima nguvu. Viini hivyo vikiumia, mwendo huharibika hata kama mikono na miguu yenyewe ni mizima.

Maradhi ya kurithi ya mwendo huacha alama pale yalipopiga. Yako ambayo huunyausha ubongo mdogo ulio kisogoni, na mgonjwa akawa anapepesuka kama mlevi ilhali hajaonja kitu. Yako ambayo hujaza madini ya chuma ndani ya viini vya kati, na picha ikaonyesha doa jeupe lililozungukwa na weusi, ambalo madaktari hulifananisha na jicho la chui milia. Na liko lile ambalo picha yake hufananishwa na uso wa panda, yule mnyama wa Uchina. Hilo ndilo tunalotaka wasomaji walikumbuke kuliko yote.

Maradhi ya shaba

Mwaka 1912 daktari Samuel Alexander Kinnier Wilson wa London aliwaeleza vijana waliokuwa wakipoteza mwendo na usemi, na baada ya kufariki wakakutwa na ini lililokakamaa na viini vya ubongo vilivyooza. Maradhi hayo yaliitwa kwa jina lake. Leo twajua chanzo chake. Chakula chetu kina madini ya shaba kidogo, na ini ndilo linalotoa ziada yake kupitia nyongo. Kazi hiyo huongozwa na jeni iitwayo ATP7B, iliyogunduliwa mwaka 1993. Mtu akirithi nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine mbovu kutoka kwa mama, shaba haitoki. Hujaa ini kwanza, kisha humwagika hadi ubongoni na machoni.

Kwa hiyo katika nyumba moja maradhi haya yaweza kuvaa nguo mbili. Binti wa miaka 12 akafariki kwa ini, na ndugu yake wa miaka 17 akatetema na kupoteza mwandiko. Anayewaangalia mmoja mmoja huona misiba miwili. Anayewaangalia pamoja huona maradhi mamoja.

Picha ya MRI humsaidia sana daktari hapa, kwa kuwa wagonjwa walio wengi ambao shaba imekwisha kufika ubongoni huonyesha alama katika viini vya kati. Picha ya CT yaweza kuziona baadhi, na yaweza kuzikosa. Hata hivyo vipimo vinavyothibitisha ni vya bei nafuu kuliko MRI. Cha kwanza ni jicho: mtaalamu wa macho akitazama kwa darubini yake huona pete ya rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kahawia ukingoni mwa kioo cha jicho, iliyoelezwa na madaktari Kayser na Fleischer mwaka 1902 na 1903. Cha pili ni damu, kupima protini inayobeba shaba, ambayo aghalabu huwa pungufu. Cha tatu ni mkojo wa saa 24, uliokusanywa wote bila ya kumwagwa hata mara moja, ili ipimwe shaba iliyomo.

Maradhi haya ni adimu. Makadirio yanayotumika sana duniani ni mtu mmoja katika kila watu 30,000. Kwa nini basi tuyakalie hivi? Kwa sababu yana dawa. Mwaka 1956 daktari John Walshe wa Uingereza alionyesha kwamba penisilamini huiburuta shaba na kuitoa kwa mkojo, na baadaye zinki ikathibitika kuwa huizuia shaba isiingie kutoka tumboni. Aliyeanza dawa mapema huweza kuishi umri wake, akasoma, akaoa na kulea. Aliyechelewa huenda asirudishiwe kilichokwisha kuharibika. Dawa ni ya maisha, na kuiacha kwa sababu mtu amepata nafuu ni hatari ya kufa. Tena huanzwa kwa uangalizi, kwani baadhi ya wagonjwa wa ubongo huzidiwa kidogo kabla ya kupata nafuu, na familia isiyoambiwa mapema huitupa dawa wakati huo.

Mezani pia kuna la kufanya, hasa kwetu watu wa pwani. Ini, korosho, uyoga, chokoleti, chaza na jamaa zake wa baharini wenye magamba vina shaba nyingi, na mgonjwa huviepuka, hasa mwanzoni mwa tiba. Maji yaliyolala katika chombo cha shaba hayamfai. Na penisilamini hunywewa tumbo likiwa tupu, kwa saa maalumu. Kwa hiyo kabla ya Ramadhani mgonjwa na azungumze na daktari wake pamoja na mwanachuoni anayemwamini, asijiamulie mwenyewe.

Picha isipotosha

Mwaka 1872 daktari kijana wa Marekani, George Huntington, aliandika makala juu ya maradhi aliyoyaona katika baadhi ya familia za Long Island: watu wazima waliotikisika mithili ya wachezaji wa ngoma, wakabadilika tabia, na hatimaye akili ikadhoofika. Wakati ule hapakuwa na mashine ya kupiga picha wala elimu ya jeni. Aliwezaje kujua kuwa ni ya kurithi? Baba yake na babu yake walikuwa madaktari wa sehemu ile ile. Kumbukumbu ya vizazi vitatu vya madaktari juu ya vizazi vya wagonjwa ndiyo iliyompa jibu, na jibu hilo halijapinduliwa. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1993, kwa msaada mkubwa wa familia za kando ya ziwa Maracaibo, nchini Venezuela, zilizokubali kueleza nasaba zao na kutoa damu yao.

Katika maradhi ya Huntington picha huonyesha kiini kimoja cha kati, chenye umbo la mkia, kimesinyaa. Lakini dalili zinapoanza picha yaweza kuonekana ya kawaida kabisa. Na kuna jambo linalotuhusu zaidi sisi watu wa Afrika. Mwaka 2001 wataalamu walieleza maradhi mengine yanayofanana nayo kwa kila hali, kwa dalili na kwa picha, ila jeni yake ni nyingine, iitwayo JPH3. Karibu wagonjwa wote waliogunduliwa wana asili ya Kiafrika. Daktari akiitazama picha peke yake hawezi kuyatenga mawili haya. Kipimo cha jeni ndicho kinachoamua, na anayepima jeni moja tu akaikuta nzima, kisha akamwambia mgonjwa kwamba hana maradhi ya kurithi, amekosea.

Upande wa pili, yako maradhi ambayo picha yake ni safi na bado ni maradhi. Masaya Segawa wa Japani alieleza, katika miaka ya 1970, watoto waliopinda miguu na kushindwa kutembea kadiri siku inavyosonga, wakiamka asubuhi wakiwa na nafuu. Picha ya ubongo wao haina doa. Wanapopewa kiasi kidogo cha dawa ya levodopa, wengi wao hutembea. Hebu fikirini mtoto wa namna hii katika mitaa yetu: asubuhi mzima, jioni amepinda, picha safi. Ni nani asiyesema ni pepo? Tena huenda baba, aliyekuwa na fedha za picha moja tu, akasema hospitali imethibitisha kwamba si ugonjwa wa hospitali. Hospitali haikusema hivyo. Imesema tu kwamba umbo la ubongo halikuharibika. Kazi yake yaweza kuharibika umbo likabaki salama.

Na si kila kutikisika ni urithi. Mtoto aliyeugua koo akapata homa ya baridi yabisi huweza kutikisika viungo kwa miezi, naye huhitaji penisilini ili moyo wake ulindwe. Mtoto mchanga aliyezidiwa na umanjano siku za kwanza huweza kuumia viini vile vile vya kati. Kifafa, dawa za maradhi ya akili na maambukizo ya ubongo navyo vina namna zake. Hapo ndipo picha hutoa faida yake kubwa: huondoa yasiyohusika, ili daktari asimhukumu mtu kwa maradhi ya ukoo ilhali tatizo ni uvimbe unaoweza kutolewa.

Kwamba wagonjwa wengi hubaki majumbani bila ya jina la maradhi yao si dhana. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba wakitafuta wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya kutetema yanayowapata zaidi wazee na ambayo mara nyingi si ya kurithi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Katika watu 161,071 walipatikana wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana maradhi gani. Hawakuwa mbali na hospitali kubwa ya Moshi. Waliishi na jirani na jamaa waliodhani ni uzee.

Nasaba ni shahidi

Sheria yetu imetufundisha thamani ya mashahidi wawili. Katika maradhi haya picha ni shahidi mmoja: yaonyesha palipoumia. Shahidi wa pili ni nasaba, nayo huonyesha palipotoka. Sisi watu wa pwani tunajivunia kujua nasaba. Mtu huweza kukutajia babu saba hadi Lamu au Hadhramaut. Lakini nasaba tunayoisimulia ni ya sifa. Anayetajwa ni mwanachuoni, nahodha na tajiri. Yule shangazi aliyefungiwa chumba cha nyuma kwa sababu alikuwa akitikisika hatajwi, na pengine yeye ndiye aliyekuwa na jibu.

Namna za kurithi tunazopaswa kuzijua ni mbili. Ya kwanza ni kama ile ya Huntington: nakala mbovu moja yatosha, na kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Huonekana kizazi baada ya kizazi. Ya pili ni kama ile ya shaba: lazima zikutane nakala mbili mbovu. Baba ni mzima, mama ni mzima, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Hujitokeza kwa ndugu wa tumbo moja ilhali wazee wao hawana kitu, na ndiyo maana huonekana kama laana iliyoshuka ghafla.

Hapa hatuna budi kulisema lile linalokwepwa. Mtu na binamu yake wa kwanza hushiriki kwa wastani moja ya nane ya jeni zao. Kwa hiyo nakala mbovu iliyojificha kwa babu hupata njia rahisi ya kukutana na mwenzake. Kwa wazazi wasio na udugu, takriban watoto 2 hadi 3 katika kila 100 huzaliwa na kasoro kubwa. Kwa mabinamu wa kwanza ni takriban 4 hadi 6. Ndoa hiyo ni halali, na hatuna haki ya kuharamisha kilichohalalishwa. Walio wengi huzaa watoto wazima. Lakini ukoo ambao umekwisha kuzika mtoto kwa maradhi yasiyojulikana, na unapanga ndoa nyingine ya ndani, una wajibu wa kuuliza kwanza. Saudi Arabia yenyewe, tangu mwaka 2004, huwataka wanaotaka kuoana wapimwe baadhi ya maradhi ya damu ya kurithi kabla ya ndoa. 

Tufanye nini

Mwenye mgonjwa nyumbani na achukue karatasi, aandike vizazi vitatu: nani alitetema, nani alipinda, nani alikufa kijana kwa ini, nani aliitwa mwendawazimu, na wazazi gani walikuwa ndugu. Awaulize wanawake wazee, kwani wao ndio waliowauguza. Achukue video fupi ya mgonjwa kwa simu, akiandika, akitembea na akinyosha mikono, kwa sababu mgonjwa wa Mutomo au Makindu huenda akamwona bingwa mara moja tu kwa mwaka, na siku hiyo huenda ametulia. Aitunze picha ya CT au MRI yenyewe pamoja na ripoti yake, asirudi kulipia mara ya pili. Kabla ya MRI amweleze mhudumu kama mwilini mna chuma au kifaa cha moyo. Kuhusu gharama, aulize mapema ni kiasi gani kitalipwa na SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024.

Na kwa kila kijana aliyeanza kutetema, kujipinda au kupoteza usemi bila ya sababu inayojulikana, mzazi na aulize swali hili kwa adabu: «Daktari, je, ameshapimwa shaba?» Swali hilo halimkosei daktari heshima, wala halihitaji Nairobi.

Kumsomea mgonjwa hatukukatazi. Mtume wetu (S.A.W.) alisoma dua na pia alihimiza umma wake kujitibu, wala la kwanza halikumzuia na la pili. Tunachokikataa ni kuifanya ruqya kuwa sababu ya kuchelewa, na kumpiga au kumfunga mgonjwa kwa madai ya kumtoa jini.

Liko pia suala la siri. Maradhi ya shaba, kila ndugu wa mgonjwa apimwe hata kama ni mzima, kwani anayeanza dawa kabla ya dalili huokoka nazo. Maradhi ya Huntington ni kinyume chake: bado hayana tiba ya kuyaondoa, na kwa hiyo mtoto mzima hapimwi, na mtu mzima hapimwi ila kwa ridhaa yake, baada ya kushauriwa. Habari hizi ni amana. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya na za jeni kuwa nyeti, na dini yetu ilikwisha kutukataza kufichua aibu za watu. Tukizigeuza kuwa maneno ya kuvunjia posa, hakuna ukoo utakaosema ukweli tena, na mashine zote za Kitui, Wote na Mombasa zitapiga picha bila ya shahidi wa pili.

Turudi Kibwezi kwa kijana wetu. Picha ya CT ilitoka safi, na baba akataka kumrudisha nyumbani. Mtu mmoja tu ndiye aliyebadili mambo: shangazi yake, aliyekuja kumjulia hali kutoka Mombasa, akamwambia daktari habari za binti aliyefariki. Daktari akanyamaza kidogo, kisha akaagiza mambo mawili: kijana apelekwe kwa mtaalamu wa macho, na mdogo wake wa miaka 9, anayecheza nje akiwa hana kitu, naye aletwe apimwe.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe ujasiri wa kusema tunayoyajua wakati kusema kunafaa. Wassalaam.